Kusoma na Kufanyia Kazi Matokeo ya Darasa la Saba: Mwongozo kwa Walimu, Kamati za Shule na Wazazi

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, shule nyingi huitisha kikao cha tathmini. Katika vikao hivyo mara nyingi husomwa namba moja tu, asilimia ya ufaulu, na kinachofuata ni pongezi ikiwa imepanda au lawama ikiwa imeshuka, kisha kila mtu hurudi kwenye kazi yake akifundisha vilevile alivyofundisha mwaka uliopita. Asilimia hiyo inatuambia kwamba lipo jambo, lakini haituambii ni jambo gani, lilianzia darasa gani, limejificha katika mada ipi wala limewagusa watoto gani.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kutoka kwenye asilimia hiyo hadi kwenye kipindi cha kesho asubuhi. Umeandikwa hasa kwa mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma wa shule ya msingi ya Tanzania, lakini mjumbe wa kamati ya shule au mzazi anayetaka kuuliza maswali yenye maana kikaoni ataweza kuufuata bila shida. Jambo la kukumbuka tangu mwanzo ni kwamba watoto waliofanya mtihani huo wamekwisha kuondoka shuleni wakati matokeo yanapotoka. Kwa hiyo tunayasoma kwa faida ya wale walioko darasa la sita, la tano na la nne, na tathmini yoyote inayoishia kwa wahitimu haijamsaidia mtoto hata mmoja aliyebaki.

Hatua ya kwanza: kusanyeni karatasi zote kabla ya kuitisha kikao

Kikao cha tathmini kinachoanza bila takwimu mezani hugeuka kuwa kikao cha hisia. Mwalimu wa taaluma apewe muda wa kutosha kukusanya mambo manne: matokeo ya darasa la saba ya shule kwa miaka mitatu mfululizo au zaidi, matokeo ya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne ya kundi lilelile la watoto, yaani waliohitimu 2025 watafutiwe matokeo yao ya 2022, alama za mtihani wa utimilifu (mtihani wa majaribio) wa wilaya au mkoa, na daftari la mahudhurio la miaka miwili ya mwisho.

Ukurasa wa matokeo wa shule kwenye tovuti ya Baraza una mengi kuliko yanayosomwa kikaoni. Unaonyesha wastani wa shule kati ya alama 300, idadi ya wavulana na wasichana katika kila daraja, madaraja ya kila mtahiniwa katika kila somo, na chini kabisa jedwali la ufaulu kwa masomo. Jedwali hilo la mwisho ndilo lenye thamani kubwa zaidi, na inasikitisha kwamba ndilo linaloachwa mara nyingi. Linakilini kwenye karatasi moja kwa miaka yote mitatu, somo moja kwa mstari mmoja, ili mwenendo uonekane bila kufunuafunua karatasi.

Hatua ya pili: anzeni na waliosajiliwa, si waliofaulu

Tuseme shule ilisajili watahiniwa 64, wakafanya mtihani 57, wakafaulu 40. Taarifa itakayosomwa itasema ufaulu ni asilimia 70, kwa sababu 40 inagawanywa kwa 57. Lakini shule ilikuwa na dhamana ya watoto 64, na kwa hesabu hiyo waliofika salama ni asilimia 62.5. Tofauti hiyo ni watoto saba wenye majina na wazazi, ambao hawakufika kwenye chumba cha mtihani, na kikao kinachoanza kwa kuwataja mmoja mmoja kitajua kama walihama, waliugua, waliolewa, walipelekwa kuchunga mifugo au waliambiwa na mtu wa shuleni kwamba hawana uwezo.

Rudini nyuma zaidi. Kama kundi hilohilo lilikuwa na watoto 83 lilipofanya upimaji wa darasa la nne, wapo 19 ambao hawakufika darasa la saba pamoja na wenzao. Baadhi watakuwa wamehamia shule nyingine kihalali, na wengine wanakariri darasa. Hata hivyo, shule inayopandisha asilimia yake kwa kupunguza idadi ya watoto dhaifu njiani haijaboresha elimu, na Afisa Elimu Kata au mthibiti ubora anayelinganisha takwimu za miaka miwili ataliona jambo hilo kwa dakika chache.

Idadi ya watahiniwa ina maana nyingine pia. Katika shule yenye watahiniwa 12, mtoto mmoja ni zaidi ya asilimia 8, kwa hiyo kushuka kutoka asilimia 83 hadi 75 kunaweza kuwa ni mtoto mmoja tu aliyeamka na homa siku ya mtihani. Katika shule yenye watahiniwa 180, kushuka kwa kiwango hicho ni watoto 14 au 15, na hapo kuna jambo la kutafutwa. Shule ndogo ziangalie wastani wa miaka mitatu kwa pamoja badala ya kufurahia au kuhuzunikia mwaka mmoja.

Hatua ya tatu: fungueni asilimia ya ufaulu muone madaraja yaliyomo ndani

Mtihani wa darasa la saba una masomo sita, kila somo likiwa na alama 50. Kwa jumla ya alama 300, daraja A ni alama 241 hadi 300, B ni 181 hadi 240, C ni 121 hadi 180, D ni 61 hadi 120, na E ni 0 hadi 60. Anayepata A, B au C amefaulu. Maana yake ni kwamba mtoto mwenye alama 122 na mtoto mwenye alama 260 wanahesabika sawasawa katika asilimia ya ufaulu, ingawa mmoja amepata chini ya nusu ya alama zote na mwingine ameukaribia ukamilifu.

Turudi kwa watoto wetu 57. Kama madaraja yao ni A 1, B 9, C 30, D 15 na E 2, basi robo tatu ya waliofaulu wako kwenye C. Hatuna alama zao kamili, kwa sababu ukurasa wa matokeo unaonyesha madaraja tu, lakini wastani wa shule unatusaidia kukisia: ukiwa karibu na 130, wengi wa hao 30 wako pembezoni mwa mstari, na mabadiliko madogo ya ugumu wa mtihani mwaka ujao yanaweza kuwaangusha wenzao wa darasa la sita kwa makumi.

Liangalieni pia daraja D la somo moja moja, ambalo ni alama 11 hadi 20 kati ya 50. Katika karatasi yenye maswali 40 ya kuchagua, kila swali likiwa na alama moja na majibu matano, mtoto anayeweka kivuli kwenye fomu ya kujibia kwa kubahatisha tu hutarajiwa kupata maswali manane. Mtoto anayejua maswali matano kwa hakika na kubahatisha 35 yaliyobaki atapata kama alama 12. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye D ya chini katika Hisabati huenda hajui karibu chochote cha somo hilo, na kumweka katika kundi la wanaohitaji msukumo mdogo ni kumdhulumu. Anahitaji kurudishwa mahali alipopotea, na mara nyingi mahali hapo ni darasa la tatu au la nne.

Hatua ya nne: linganisheni kila somo na somo hilohilo

Kosa linalorudiwa katika tathmini nyingi ni kulinganisha mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Hisabati wa shule moja. Kwa miaka mingi Kiswahili kimekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa juu kitaifa, huku Hisabati na Kiingereza vikiwa nyuma, kwa hiyo ni kawaida kwa shule za serikali kuwa na pengo kati ya masomo hayo hata pale walimu wote wanapofanya kazi nzuri. Mwalimu wa Hisabati mwenye ufaulu wa asilimia 52 pale ambapo halmashauri nzima ina asilimia 41 amefanya kazi kubwa kuliko mwenzake wa Kiswahili mwenye asilimia 80 wakati halmashauri ina 88. Ni haki mwalimu wa kwanza asimame kikaoni aeleze anafundishaje.

Ulinganisho unaofaa ni wa aina tatu: somo dhidi ya lenyewe mwaka uliopita, somo dhidi ya wastani wa halmashauri katika somo hilo, na somo dhidi ya shule za jirani zenye hali inayofanana na yenu kwa idadi ya wanafunzi kwa mwalimu, umbali wa watoto kutoka shuleni na lugha inayozungumzwa nyumbani. Kujilinganisha na shule binafsi ya bweni ya mjini yenye madarasa ya watoto 30 hakumfundishi lolote mwalimu mwenye watoto 110 darasani. Tangu Januari 2023 Baraza liliacha utaratibu wa kutangaza shule na watahiniwa kumi bora, na ninaamini uamuzi huo uliwasaidia walimu wa shule za kawaida kuacha kupimwa kwa kipimo kisicho chao.

Mnapolinganisha miaka, kumbukeni mabadiliko ya mtaala. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, na umeleta masomo kama Historia ya Tanzania na Maadili pamoja na Jiografia na Mazingira. Watoto walioanza nao darasa la tatu watafika darasa la sita, ambalo ndilo la mwisho katika mtaala huo, 2027, mwaka ambao watamaliza elimu ya msingi pamoja na darasa la saba la mtaala wa zamani. Matokeo ya Maarifa ya Jamii ya miaka iliyopita hayawezi kuwekwa kwenye mstari mmoja na somo jipya lenye maudhui tofauti. Hisabati, Kiswahili na Kiingereza vinaweza kufuatiliwa kwa uangalifu, na ni vyema shule zikaanza sasa kuandaa walimu wawili kwa kila somo, kwa kuwa mwaka 2027 madarasa mawili ya mtihani yatahitaji kusimamiwa kwa wakati mmoja.

Hatua ya tano: chambueni majibu, swali kwa swali

Hii ndiyo hatua inayobadilisha ufundishaji, na ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko nyingine zote. Shule haipati majibu ya kila mtoto kwa kila swali la mtihani wa taifa. Inayo, hata hivyo, mitihani yake ya muhula na ule wa utimilifu, ambayo karatasi zake zimo ofisini. Badala ya kusahihisha, kujumlisha alama na kuwagawia watoto karatasi zao, fanyeni yafuatayo kwa somo moja kwanza, ikiwezekana Hisabati.

Chukueni karatasi ya manila. Upande wa kushoto andikeni majina ya wanafunzi, aliyepata alama nyingi juu na aliyepata chache chini. Juu andikeni namba za maswali. Katika kila kisanduku andikeni herufi ambayo mtoto aliichagua, na kama ni jibu sahihi izungushieni duara. Msiandike alama ya vyema na kosa tu, kwa sababu herufi aliyoichagua mtoto ndiyo inayoonyesha alivyofikiri. Kwa darasa la watoto 50 walimu wawili wataimaliza kazi hiyo mchana mmoja.

Kisha someni manila hiyo kwa kushuka chini, swali moja baada ya jingine. Chukueni swali hili rahisi: 20 − 8 + 5 = ? Majibu yaliyotolewa ni (A) 7, (B) 17, (C) 23, (D) 33 na (E) 12. Jibu sahihi ni B. Tuseme kati ya watoto 48, B imechaguliwa na 11, A imechaguliwa na 29, na wengine wanane wametawanyika. Watoto 29 hawawezi kubahatisha herufi moja kwa pamoja. Wamefundishwa MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, na wameielewa kwamba kujumlisha lazima kutangulie kutoa. Wamejumlisha 8 na 5 wakapata 13, wakatoa 13 kwenye 20 wakapata 7. Wamefuata kanuni kwa utii kamili, na kanuni waliyoikariri haikuwaambia kwamba kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa, hivyo kinachotangulia ni kile kilichoandikwa kwanza kutoka kushoto. Kosa hilo linarekebishika kwa kipindi kimoja cha dakika 40, kwa mifano ya fedha: una shilingi 20, unatoa 8, kisha unapewa 5. Bila manila, mwalimu angeandika kwenye taarifa yake kwamba wanafunzi ni dhaifu katika matendo ya namba, na mwaka ujao wangekosea watoto wengine 29.

Majibu yasiyo sahihi ambayo mtunzi anayaweka ili kumpima mtoto huitwa vipotoshi, na kipotoshi kizuri hutokana na kosa halisi. Anayejumlisha 3/4 na 1/3 akachagua 4/7 amejumlisha sehemu za juu peke yake na za chini peke yake. Anayesema 0.3 × 0.2 ni 0.6 hajaelewa thamani ya nafasi baada ya nukta. Hao wawili wamekosa swali moja moja kila mmoja, lakini dawa zao ni tofauti kabisa.

Katika kusoma manila, tumieni kanuni hii. Swali lililokoswa na zaidi ya nusu ya darasa lifundishwe upya kwa darasa zima, kwa njia tofauti na ile ya mwanzo. Swali lililokoswa na wachache walioko chini ya orodha lipelekwe kwenye kikundi kidogo. Swali ambalo watoto wa juu wamekosa huku wa chini wakipata likaguliwe lenyewe, kwa kuwa huenda limetungwa vibaya au jibu la mwongozo wa usahihishaji si sahihi. Shule zinazonunua mitihani iliyochapishwa mitaani hukutana na maswali ya namna hiyo mara nyingi kuliko zinavyofikiri.

Upo pia msaada ambao hauna gharama. Baada ya kila mtihani, Baraza huandaa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo na kuiweka kwenye tovuti yake. Humo kila swali linaonyeshwa pamoja na idadi au asilimia ya watahiniwa nchini waliochagua kila herufi, na maelezo ya sababu zilizowavuta kwenye vipotoshi. Mwalimu akiweka taarifa hiyo pembeni mwa manila yake ataona ni makosa gani ya watoto wake ni ya nchi nzima na yapi ni ya shule yake peke yake. Yale ya shule yenu peke yenu ndiyo yanayowahusu kwanza, kwa sababu chanzo chake kimo ndani ya uzio wenu. Ichapisheni, au ikishindikana isomeni kwenye simu katika kikao cha jumuiya ya ujifunzaji ya walimu chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ambacho kimewekwa kwa kazi za namna hii na katika baadhi ya shule hutumika kusoma matangazo.

Hatua ya sita: hakikisheni mtoto anaweza kulisoma swali

Kabla ya kuhitimisha kwamba mtoto hajui Sayansi, mpeni karatasi ya Sayansi na mwambieni asome swali la kumi kwa sauti. Fanyeni hivyo na kila mtoto aliyepata D au E, mmoja mmoja, mahali ambapo wenzake hawamsikii. Mtasikia mtoto anayetamka silabi moja moja na kufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake. Mtasikia mwingine anayesoma vizuri lakini hajui neno "kadiria" linamtaka afanye nini. Wote wawili wameandikiwa D ya Sayansi, na mmoja wao hana tatizo la Sayansi hata kidogo.

Kwa anayesita katika kusoma, rudini kwenye stadi za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, bila aibu. Tengeni kipindi kimoja kila siku, wanafunzi wa darasa la nne hadi la sita wapangwe kwa uwezo wao wa kusoma badala ya darasa, na kila kundi lipate mwalimu na matini ya kiwango chake. Mtoto wa darasa la sita asome hadithi ya darasa la tatu hadi aisome kwa mtiririko, kisha apande. Katika maeneo ambako Kiswahili si lugha ya nyumbani, kazi hii ina uzito zaidi, kwa kuwa mtoto anajifunza lugha na somo kwa pamoja. Kwa shule zinazofundisha kwa Kiingereza, jaribio hilohilo lifanywe kwa Kiingereza.

Maneno yanayotoa maagizo katika mitihani, kama vile rahisisha, kokotoa, bainisha, kadiria na linganisha, yafundishwe kwa makusudi na kubandikwa ukutani kila moja pamoja na mfano wake.

Hatua ya saba: gawanyeni upya walimu na muda

Shule nyingi huwaweka walimu wao hodari darasa la saba na kuwaacha walimu wapya, wanaojitolea au waliochoka kwenye madarasa ya chini. Matokeo yake ni kwamba mwalimu hodari anatumia mwaka mzima kurekebisha yaliyoharibika miaka mitano iliyopita. Ninapendekeza kwa dhati kwamba angalau mmoja wa walimu bora wa kusoma na kuhesabu afundishe darasa la kwanza na la pili, na mwingine darasa la nne. Faida yake haitaonekana Septemba ijayo, na mwalimu mkuu atahitaji ujasiri wa kuieleza kamati, lakini jedwali la upimaji wa darasa la nne litaanza kusema baada ya miaka miwili.

Kuhusu muda, pimeni vipindi vilivyofundishwa kweli. Hesabuni katika daftari la vipindi ni vipindi vingapi vya Hisabati vilivyopangwa mwezi uliopita na vingapi vilifundishwa. Vikao, mazishi, michezo ya UMITASHUMTA, ufuatiliaji wa mishahara mjini na siku za mvua hula vipindi kimyakimya, na shule inayopoteza kimoja kati ya vitano imepoteza siku moja ya somo hilo kila wiki. Kurejesha vipindi hivyo ndani ya ratiba kuna manufaa kuliko kambi ya usiku inayowarudisha watoto nyumbani wakiwa wamechoka, na hakuhitaji mchango wa mzazi.

Hatua ya nane: zoezeni fomu ya kujibia

Jambo hili ni dogo na lisichukue muda mwingi. Watoto wafanye angalau mitihani miwili wakitumia nakala ya fomu ya kujibia, kwa penseli ya HB, wakijaza namba ya mtahiniwa wenyewe, wakiweka kivuli kilichojaa duara bila kutoka nje, wakifuta kabisa wanapobadili jibu, na wakihakikisha swali la 17 limejibiwa kwenye mstari wa 17. Anayeruka swali gumu lazima aruke na mstari wake. Hayo yakishazoeleka, rudini kwenye masomo.

Hatua ya tisa: waelezeni wazazi ukweli wanaoweza kuufanyia kazi

Kikao cha wazazi kinachosoma majina ya watoto walioshindwa mbele ya kijiji kizima hakina faida yoyote, na mtoto aliyetajwa hivyo huweza asirudi shuleni. Orodha ya alama ya kila mtoto akabidhiwe mzazi wake faraghani, na kikao cha wote kizungumzie mambo ya wote: mahudhurio, chakula, muda wa kusoma nyumbani.

Mzazi aambiwe jambo mahususi. "Mwanao ni mzito" hakumsaidii mama. "Mwanao hakufika shuleni siku nyingi za gulio muhula huu, na mada ya sehemu ilifundishwa siku hizo" kunampa jambo la kubadili leo. Mzazi asiyejua kusoma anaweza pia kusaidia, kwa kumwambia mtoto amsomee kwa sauti kila jioni na amsimulie alichosoma. Kamati ya shule nayo iwekewe mezani jedwali la mahudhurio ya asubuhi na ya mchana. Pale ambapo idadi inapungua baada ya saa sita, hoja ya uji au chakula cha mchana itajieleza yenyewe kwa namba, na wazazi watachangia mahindi kwa moyo zaidi wakiona sababu yake. Mchango wowote upitie kikao na ufuate taratibu za serikali, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango, kwa kuwa kila siku anayorudishwa inaongeza pengo mnalojaribu kuliziba.

Hatua ya kumi: zuieni udanganyifu tangu Januari

Shinikizo la asilimia huwasukuma baadhi ya watu kutafuta mtihani kabla ya siku yake au kuwasaidia watoto ndani ya chumba. Mwaka 2018 Baraza lilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule zote za Halmashauri ya Wilaya ya Chemba mkoani Dodoma, pamoja na ya baadhi ya shule katika halmashauri nyingine, na watoto wakarudia mtihani Oktoba mwaka huohuo. Maelfu ya watoto wasio na hatia walibeba mzigo wa watu wazima wachache. Mwalimu mkuu aseme waziwazi mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi kwamba shule iko tayari kupokea asilimia ndogo ya haki, na aache kabisa kuahidi zawadi au kutishia uhamisho kwa kigezo cha asilimia peke yake. Pia kuna sababu ya kitaaluma: matokeo ya kughushi yanaharibu manila yenu, jedwali lenu na mpango wenu, na anayefaulu kwa msaada huo atakutana na kidato cha kwanza, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, akiwa peke yake.

Hatua ya kumi na moja: wekeni tarehe na jina kwa kila jambo

Mpango unaosema "kuongeza juhudi katika Hisabati" hautekelezeki. Andikeni hivi: mwalimu fulani atafundisha upya mada ya matendo ya namba kwa darasa la sita katika wiki ya pili ya Februari, ijumaa ya wiki ya tatu watoto watapewa maswali matano ya mada hiyo, matokeo yataletwa kwa mwalimu wa taaluma Jumatatu inayofuata. Mada tatu au nne kwa muhula kwa kila somo zinatosha. Mwezi Mei au Juni, mtihani wa utimilifu utakapofanyika, tengenezeni manila mpya na kuiweka kando ya ile ya zamani, mkiangalia maswali ya mada zilezile.

Mafaili haya ni mali ya shule. Manila, majedwali ya masomo, orodha ya watoto wasiosoma kwa mtiririko na taarifa za uchambuzi zihifadhiwe katika kabati la ofisi ya taaluma kwa mwaka na kwa darasa, na mwalimu wa taaluma anapohamishwa ayakabidhi kwa maandishi kwa anayempokea, mbele ya mwalimu mkuu, kabla ya kupanda gari.